Mpelelezi aliyepigana na mzuka

Waandishi chipukizi wanaoniletea miswada ya upelelezi huuliza: utamtisha vipi msomaji na kumchekesha papo hapo, bila kimoja kuua kingine? Huwa nawapa wasome *The Dain Curse* ya Dashiell Hammett, iliyotoka Marekani mwaka 1929.

Katikati ya riwaya hiyo kuna Hekalu la Kikombe Kitakatifu, San Francisco. Wenye hekalu, Joseph na Aaronia Haldorn, ni waigizaji ambao jukwaa halikuwalipa, wakaamua kujitungia dini. Umati hawautaki. Wanatafuta waumini wachache wenye fedha, na miujiza yote ni kazi ya fundi wao wa mazingaombwe.

Usiku mmoja mpelelezi, bwana mfupi, mnene, wa makamo, ambaye hatuambiwi jina lake kitabu kizima, anatokewa na kitu cheupe kinachong'aa gizani. Kinaelea, nyayo zake zikiwa kama futi moja juu ya sakafu. Miguu kinayo, anasema, ila umbo lake hawezi kulieleza. Kisha anakivamia kwa mikono. Baadaye tunaelewa: gesi ya kulevya ilipitishwa kwa bomba hadi chumbani, ukaongezwa mvuke na mwanga.

Angalieni anavyosimulia. Hapigi mayowe wala hafanyi mzaha. Anataja urefu, miguu, mkono wake ulipofika, utadhani anaandikia ofisi ripoti ya mlevi aliyezua fujo. Hammett mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, na lugha ya ripoti aliijua vizuri. Tunacheka kwa sababu mtu huyu hataki kuacha utaratibu wa kazi hata mbele ya mzuka; tunaogopa kwa sababu mtu makini hivyo ameuona. Angeutania, hofu ingekwisha palepale.

Halafu Hammett anakaza kamba. Joseph anaanza kuamini kweli kwamba yeye ni Mungu. Tunamkuta madhabahuni na kisu, mkewe mwenyewe akiwa ndiye sadaka. Risasi zinamwingia usoni na mwilini, naye anazidi kuja. Lugha ni ileile ya ripoti, lakini hapo sijaona mtu akicheka.

Sehemu ya tatu inalegea, na maelezo ya mwisho ni marefu mno kwangu. Ila sura za hekalu zisomeni mara mbili. Mara ya pili, fuatilieni harufu ya ile gesi chumbani: imetajwa mapema, kwa sauti ya kawaida kabisa.