Simu ilale mbali na kitanda: maswali ya usingizi, macho na watoto

Nasoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Bando la usiku ni rahisi, basi naperuzi mpaka saa nane. Darasani nasinzia. Nifanyeje?

Hesabu ya bando umepiga vizuri, ya usingizi umeiruka. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Ukilala saa nane na kipindi ni saa moja asubuhi, ukitoa muda wa kujiandaa umepata kama nne tu.

Mwanga wa kioo cha simu huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Lakini kwa maoni yangu mwanga unasingiziwa mno. Kinachokukesha hasa ni kile unachotazama: video moja inaita nyingine, na ubishi wa Simba na Yanga kwenye grupu hauna refa wa kupuliza kipenga cha mwisho. Ndiyo maana kupunguza mwanga peke yake hakusaidii sana.

Kama shida ni bando, iache simu ipakue mihadhara yenyewe ikiwa juu ya kabati, wewe ukiwa umelala. Alamu ikilia huko juu utalazimika kunyanyuka, nayo ni faida nyingine. Lenga saa moja bila kioo kabla ya kulala. Ikikushinda, anza na nusu saa.

Niko ofisini Mtumba, hapa Dodoma, kompyuta kutwa. Jioni macho yanachoma kama yana mchanga. Yanaharibika?

Hapana dada, yanakauka. Kwa kawaida tunapepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Tukikodolea kioo, idadi hiyo hushuka hata kufika nusu au chini yake. Weka juu yake kiangazi cha Dodoma, upepo mkavu na vumbi lake, halafu na feni inayokupuliza usoni. Anza kwa kuigeuza hiyo feni. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Vilima vya huko vinatosha kabisa.

Ila matone usijinunulie kiholela dukani. Baadhi yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo ikitumika ovyo hupandisha presha ya jicho. Macho yakiwa mekundu na yanauma, au uoni ukififia, nenda kliniki ya macho.

Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu hali mpaka nimwekee katuni.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa umri huo asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku. Mwenye macho kwenye katuni hata shibe yake haisikii. Mama, mkalishe mkekani ale pamoja na wenzake. Siku za kwanza atalia, vumilia. Na simu yako wewe pia iweke chini, maana anakuiga.

Mimi ni bodaboda, Nkuhungu. Nikizima simu usiku nakosa wateja.

Usiizime, kaka. Zima data tu. Anayekuhitaji atapiga na simu itaita, magrupu yatanyamaza mpaka asubuhi. Kinachonitia hofu kwako ni ile simu mnayoibana ndani ya helmeti huku mnaendesha. Simama pembeni, ongea, kisha uondoke. Abiria atasubiri.