Pembe za Jiwe na Mkono wa Mwandishi

Mchimbaji mdogo wa Ruangwa akiibuka na jiwe la kijani, kitu cha kwanza kinachozungumzwa ni rangi. Rangi huonekana haraka, rangi hupandisha bei, na hakuna sifa ya jiwe inayodanganya kama rangi. Kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa mto miaka kadhaa huweza kupendeza kuliko ganeti halisi, kito cha kijani kinachochimbwa huko. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na utambuzi wa madini huiweka rangi kando kwanza, tukatafuta yale ambayo jiwe haliwezi kuyaficha.

Nataka kuyaeleza hayo kwa wachimbaji na wanunuzi wa Lindi na Mtwara. Lakini ninawakusudia pia watu wengine kabisa: familia za Kilwa, Lindi na Mikindani zenye karatasi za kale masandukuni, barua, tenzi, nasaba, hati za mashamba, ambazo hakuna anayejua kwa hakika ziliandikwa na nani. Utafiti wa fuwele, yaani maumbo yenye nyuso na pembe ambayo madini hukua nayo, na utafiti wa kumtambua mwandishi ni fani mbili zinazofundishana, na kuna mahali zinakutana uso kwa uso.

Tuanze na chumvi, kwa kuwa haina gharama. Kwenye majaruba ya chumvi ya pwani yetu, maji ya bahari yakikauka taratibu juani huacha punje kubwa kubwa. Weka moja juu ya kitambaa cheusi, uitazame kwa lenzi ya mkononi. Utaona kisanduku chenye pande za mraba, na mara nyingi kila uso umebonyea katikati kwa vingazi vidogo vidogo, kwa sababu kingo za fuwele hukua upesi kuliko katikati yake. Ipasue kwa ncha ya kisu, itapasuka kwa pembe mraba. Pasua kile kipande, pembe mraba tena. Ponda mpaka iwe unga, uchungulie kwa hadubini, bado utaona visanduku.

Jambo hili liliwashughulisha watu muda mrefu. Mwaka 1669 Niels Steensen wa Denmark aliandika kwamba fuwele za kwatzi, ziwe nene au nyembamba, nyuso zake zinazolingana hukutana kwa pembe ileile. Mwaka 1783 Mfaransa Romé de l'Isle alionyesha kuwa kanuni hiyo inashika kwa madini mengi, akitumia kipimapembe kilichotengenezwa na msaidizi wake Carangeot. Nyuso za ubavuni za kwatzi hukutana kwa nyuzi 120, iwe imetoka Nachingwea au Brazili. Sababu ilikuja kuonekana karne ya 20. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake huko Ujerumani walipitisha eksirei kwenye fuwele wakapata madoa yaliyojipanga kwa ulinganifu. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence, huko Uingereza, walitumia eksirei kusoma chumvi hii hii ya mezani. Walikuta chembe za sodiamu na klorini zimejipanga kwa kupishana, juu, chini na pembeni, zimesongamana kiasi kwamba zikihesabiwa kwenye mstari mmoja zinafika takriban milioni 3.5 ndani ya milimita moja. Pembe tunayoiona kwa jicho ni mpangilio huo wa ndani uliotokeza nje. Baba na mwana walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1915, na kijana alikuwa na miaka 25 tu.

Kinywe (grafiti) cha Ruangwa na Nachingwea kinafundisha jambo lilelile kwa upande mwingine. Kinywe ni kaboni, almasi nayo ni kaboni. Kimoja kinapaka vidole masizi, kingine kinakata kioo. Vilivyomo havitofautiani, kinachotofautiana ni mpangilio.

Sasa turudi kwa lile jiwe la kijani. Ganeti ya kijani ina uzito wa takriban mara 3.6 ya maji ya ujazo uleule, na kioo cha kawaida karibu mara 2.5. Ukiwa na mzani mzuri wa kidijitali unaweza kupima mwenyewe. Lipime jiwe likiwa kavu, kisha lipime likiwa limening'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo. Jiwe la gramu 3.6 likisoma gramu 2.6 majini, tofauti ni gramu 1, na 3.6 ukigawa kwa 1 unapata 3.6. Kipande cha kioo cha uzito huohuo kitasoma karibu gramu 2.2. Hata hivyo usikimbilie sokoni na kipimo hicho kimoja. Kuna kioo chenye madini ya risasi ambacho huweza kuufikia uzito wa ganeti. Tazama na ugumu, kwani ganeti hukwaruza kioo. Tazama na viputo vya hewa ndani, ambavyo ni alama ya kioo. Mwishoni lipeleke kwa mtaalamu apime namna jiwe linavyoupinda mwanga. Katika kazi yetu, kipimo kimoja huanzisha swali, na vipimo vitatu vinavyokubaliana ndivyo vinavyotupa ujasiri wa kusaini cheti.

Je, mwandishi naye ana pembe zake? Aliyelishughulikia swali hili mapema alikuwa mwanafizikia, na hilo halinishangazi. Thomas Mendenhall wa Marekani alijua kwamba kila elementi hutambulika kwa mwanga inaoutoa ikichomwa. Mwaka 1887 alichapisha wazo kwamba huenda kila mwandishi hutambulika kwa urefu wa maneno yake, ukihesabu mangapi yana herufi mbili, mangapi tatu, na kuendelea. Mwaka 1901 alilifikisha wazo hilo kwenye ubishi mkubwa wa Shakespeare, kwa kuwa wako waliodai kwamba tamthilia zile aliziandika Francis Bacon, mwanafalsafa wa zama zake. Wanawake wawili walimfanyia kazi ya kuhesabu maneno yapatayo milioni 2. Shakespeare alionekana kutumia zaidi maneno ya herufi nne, Bacon ya herufi tatu. Wengi wakaona kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Sehemu kubwa ya tamthilia za Shakespeare ni ushairi, na maandishi ya Bacon yaliyopimwa ni nathari. Mwaka 1975 mtafiti C. B. Williams alionyesha kwamba mshairi Mwingereza Philip Sidney, mtu mmoja huyohuyo, hutofautiana na nafsi yake kwa namna hiyohiyo akitoka kwenye shairi kwenda kwenye nathari. Mendenhall alipima kwa uaminifu, ila vitu alivyolinganisha havikuwa vya aina moja.

Waliofaulu zaidi ni wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace, mwaka 1964. Walichukua insha 85 zilizotolewa Marekani mwaka 1787 na 1788 kutetea katiba mpya, zote kwa jina moja la bandia. Insha 12 kati ya hizo ziligombewa, wengine wakisema ni za mwanasiasa Alexander Hamilton, wengine za mwenzake James Madison. Watafiti hawakuangalia hoja wala maneno mazito, kwa sababu hayo mtu huyachagua kwa makusudi na mwingine anaweza kuyaiga. Waliangalia vijineno ambavyo mwandishi hajijui kama anavitumia. Neno la Kiingereza upon (juu ya) lilimtoka Hamilton kama mara tatu katika kila maneno elfu, Madison karibu halimtoki kabisa. Wakakusanya vijineno vingi vya namna hiyo, na hesabu ikaelekea kwa Madison katika insha zote 12.

Kwa Kiswahili urefu wa neno hautufai, maana neno kama atakapowaandikia limebeba mtenda, wakati na mtendewa kwa pamoja. Lakini vijitabia tunavyo tele. Kuna mtu haandiki kuwa, huandika kwamba, na mwingine ya kwamba. Kuna wa ila, wa lakini na wa isipokuwa. Kuna anayesema mtu aliyekuja na anayesema mtu ambaye alikuja. Kuna anayesimulia kwa -ka- mfululizo, akaenda, akaona, akarudi, na asiyeitumia ila kwa nadra. Ukikusanya kurasa za kutosha za mtu mmoja, tabia hizi huanza kujichora. Ujumbe wa mistari mitano unaozungushwa kwenye simu kwa jina la Mwalimu Nyerere hautoshi kwa hesabu hiyo, na anayedai kuuthibitisha kwa mtindo peke yake anakisia. Dawa yake ni kuuliza hotuba hiyo ilitolewa wapi na lini, kisha kwenda kuitafuta, kwa kuwa hotuba na maandishi yake vimehifadhiwa kwa wingi.

Hapa ndipo ninaposisitiza tofauti ya fani hizi mbili. Pembe ya fuwele haizeeki wala haina hasira. Mwandishi huzeeka, hubadili msomaji anayemkusudia, hunakiliwa na watu wanaorekebisha tahajia. Mtindo hutoa uwezekano, mkubwa au mdogo, na kazi ya mtaalamu mwadilifu ni kusema ukubwa wake.

Fani hizi zilikutana kwenye ramani moja. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilitangaza ramani iliyodaiwa kuchorwa karibu mwaka 1440, ikionyesha pande za Amerika ya Kaskazini kabla ya safari ya Columbus. Mwaka 1974 mtaalamu wa hadubini Walter McCrone alitoa matokeo kwamba wino wake una fuwele ndogo za anatasi, aina ya oksidi ya titaniamu, zenye umbo la zile zinazotengenezwa kiwandani kuanzia miaka ya 1920. Ubishi uliendelea kwa miongo. Mwaka 2021 Yale wenyewe, baada ya kupima ramani yote kwa vifaa vya eksirei, walitangaza kwamba titaniamu imeenea kwenye mistari yake na kwamba ramani ni ya kughushi. Jina la aliyeichora halikupatikana kwenye wino, lakini karne yake ilipatikana.

Je, tungeweza kufanya hivyo kwa historia ya kale ya Kilwa? Ile iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 haina jina la mwandishi, ingawa maandishi yenyewe yanasema alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Nakala iliyoko London ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, na matini yake yalichapwa mwaka 1895. Ukiupima wino huo, fuwele zake zitakueleza habari za mnakili wa Unguja, si za mwandishi wa Kilwa. Mtindo nao umepitia mikononi mwa wanakili. Mreno João de Barros alichapa toleo lake mwaka 1552, na orodha yake ya masultani hailingani kila mahali na ile ya Kiarabu. Kinachobaki ni kuyapima maneno kwa vitu vya nje yake: sarafu za Kilwa zenye majina ya masultani, na habari za msafiri Ibn Battuta, aliyefika kisiwani mwaka 1331 akamkuta Sultani Hasan, ambaye kwa ukarimu wake alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib. Huyo yumo pia kwenye historia ile. Hapo vipimo viwili vinakubaliana.

Basi, wenye karatasi za kale, nawaomba sana. Msipitishe kalamu mpya juu ya herufi zilizofifia, maana mnaufunika ushahidi kwa wino wa dukani. Msizipige laminesheni wala kuzibandika gundi ya selotepu. Ziwekeni mahali pakavu palipo mbali na mchwa, mzipige picha kila ukurasa, na kwenye karatasi nyingine mwandike kwa penseli zilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa wanaweza kuwashauri, kama vile mwenye jiwe anavyoweza kwenda kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma. Na mnapopiga picha msiuruke ukurasa wa mwisho hata kama una mistari miwili tu. Hapo ndipo jina na tarehe huandikwa, na mara nyingi jina hilo ni la aliyenakili, si la aliyetunga, jambo linaloweza kuokoa ubishi wa miaka.