Beltipaki ya Intakomu Isiyo na Waya ni Kitu Gani?

Chungulia nyuma ya jukwaa la maonyesho, au pembeni mwa uwanja mechi inaporushwa moja kwa moja. Utawaona watu wamevaa hedifoni ya sikio moja, na waya mfupi umeshuka hadi kwenye kijisanduku kilichobanwa kwenye mkanda wa suruali. Kijisanduku hicho ndicho beltipaki ya intakomu, yaani mfumo wa timu kuzungumza ikiwa kazini. Humuunganisha mtu na wenzake wote wa kazi, mikono yake ikiwa huru na miguu ikienda inakotaka.

Wengi hudhani ni redio ya mkononi, ile ya walinzi. Sivyo, na tofauti yenyewe ndiyo kiini cha kifaa hiki. Kwa redio ya kawaida ya mkononi husema mmoja tu kwa wakati. Ukishabonyeza kitufe, husikii kitu mpaka ukiachie. Beltipaki hupeleka na kupokea sauti kwa pamoja, kama simu. Tuseme mwongozaji anaagiza, "Kamera ya pili, jiandae," na papo hapo mtu anakatiza mbele ya kamera hiyo. Mpigapicha anasema "Subiri!" mwongozaji angali anaongea, na anasikika. Kwenye redio ya mkononi neno hilo lingepotea, watazamaji wakaonyeshwa mgongo wa mtu.

Sauti hutoka kwenye beltipaki kwa mawimbi ya redio hadi kwenye antena, na antena huiingiza kwenye mtambo mama unaoigawa kwa wahusika. Mifumo mingi ya leo hutumia teknolojia ya DECT, ileile ya simu za mezani zisizo na waya. Ulaya teknolojia hiyo imetengewa masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, na Marekani 1920 hadi 1930. Kutengewa huko kuna faida kubwa. Beltipaki za gigahezi 2.4 hugombania njia na Wi-Fi, na ukumbi ulioonekana shwari asubuhi hubadilika kabisa watu wanapojaa na simu zao mifukoni. Eneo likiwa kubwa hufungwa antena kadhaa, na beltipaki huhama kutoka moja hadi nyingine bila mazungumzo kukatika.

Kuna pia chaneli, yaani njia tofauti za mazungumzo. Mafundi wa taa huwa na yao, wa sauti yao, na msimamizi wa jukwaa husikiliza zaidi ya moja, kila moja kwa kiwango chake cha sauti. Aliyevua hedifoni huitwa kwa taa inayowaka na kuzima kwenye kijisanduku chake.

Kitufe cha kuongea ndicho cha kujifunza kwanza. Kwenye beltipaki nyingi, ukikigusa mara moja kipaza sauti hubaki wazi. Ukikishikilia, hujifunga unapokiachia. Mtu mmoja akisahau chake wazi karibu na spika, kelele zote humwagika masikioni mwa timu nzima, na amri ya mwongozaji humezwa humo. Anayeanza kazi namshauri ashikilie tu, mpaka kidole chake kizoee.

Na kabla ya onyesho, vaa beltipaki utembee nayo hadi kila pembe utakayofanyia kazi: nyuma ya kuta, chini ya jukwaa, kando ya vyuma. Mwenzako ahesabu kwa sauti wakati wote, nawe utie alama kila mahali namba inapokatika.