Anayetumia na Anayelipa: Hesabu ya Kugawa Madaraka katika Shirikisho

Mjadala wa kugawa madaraka kati ya serikali kuu na majimbo huanzia mara nyingi kwenye swali la nani aliye karibu na wananchi. Mimi huanza na swali jingine: jimbo likiongeza matumizi, nani anaongezewa kodi?

Chukua shirikisho la majimbo 10 yanayolingana kwa mchango wa kodi. Jimbo moja linataka barabara ya milioni 100, itakayowapa wakazi wake faida ya milioni 60. Wangeilipia wenyewe wangeikataa. Ikilipiwa na mfuko wa pamoja, fungu lao ni milioni 10 tu, kwa hiyo wataipigania kwa nguvu zote. Yale mengine 9 yakifanya vivyo hivyo, kila jimbo litajikuta limetoa milioni 100 kupata 60. Hakuna aliyeiba hata senti. Hasara imetokana na kanuni zenyewe.

Kwa hiyo jimbo lazima liwe na kodi yake, ambayo linaweza kupandisha au kushusha kiwango chake. Si kila kodi inafaa. Ardhi na majengo havihami, basi vitozwe ngazi ya chini. Faida za kampuni huhamishwa kwa vitabu vya hesabu tu, na majimbo yataishia kushindana kupunguza viwango. Mafuta na madini hayahami pia, lakini yamerundikana sehemu chache; naona yanafaa zaidi kuwa chini ya serikali kuu.

Huduma inayowafaa hata majirani ina dawa yake. Ikiwa asilimia 30 ya faida ya hospitali ya rufaa inakwenda kwa wakazi wa majimbo mengine, serikali kuu ichangie asilimia 30 ya gharama. Ikizidisha, tunarudi kwenye ile barabara.

Ruzuku ya kusawazisha, yaani fedha ambazo serikali kuu huyapa majimbo yenye uwezo mdogo wa kukusanya kodi, ndiyo huharibiwa zaidi. Ikiziba pengo la makusanyo halisi, jimbo likikusanya zaidi linapunguziwa ruzuku, basi kwa nini lijisumbue? Pimeni uwezo. Jimbo ambalo kwa kiwango cha wastani lingekusanya milioni 100, huku wastani wa majimbo yanayolingana nalo kwa idadi ya watu ukiwa 150, lipewe 50, liwe limekusanya 80 au 120.

Halafu kuna madeni. Miaka ya 1840 majimbo kadhaa ya Marekani yalishindwa kulipa, Bunge la nchi likakataa kuyabeba, na mengi yakaweka mipaka ya kukopa katika katiba zao. Brazil ilibeba madeni ya majimbo mwaka 1989, 1993 na tena 1997, hadi sheria ya mwaka 2000 ikapiga marufuku serikali kuu kuyafadhili upya. Lakini marufuku peke yake haitoshi. Jimbo lisilo na kodi ya kupandisha, likikwama, litasimamisha mishahara ya walimu na wauguzi, na hapo serikali kuu italazimika kulipa, sheria iseme isemavyo.