Je, wajua kwa nini mnazi wenye maji moto huzaa zaidi?

Hakuna mkwezi wa Unguja au Pemba asiyewajua maji moto, wale chungu wekundu wa mitini wanaomng'ata kila anayepanda mnazi au mkarafuu wao, na wengi huwaona kuwa ni adha tupu. Hata hivyo, kwenye mnazi waliouenea vizuri, vidaka vingi zaidi hufikia kuwa madafu na nazi, na sababu yake ilibainishwa hapa hapa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mtaalamu wa wadudu M. J. Way.

Adui anayehusika ni kunguni wa mnazi, mdudu wa kahawia yenye wekundu ambaye jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limetokana na jina la mtaalamu huyo. Kunguni huyu huchoma maua ya kike na vidaka kwa mdomo wake ulio kama sindano, akaingiza mate yenye sumu, kisha akafyonza utomvu. Pale alipochoma hubonyea na kufanya kovu, kidaka hudondoka kabla hakijawa kitale, na kinachonusurika hukua kikiwa na mikwaruzo inayotoa gundi. Uzito wa jambo hili uko katika idadi, kwani kunguni wachache sana katika mnazi mmoja wanatosha kuangusha sehemu kubwa ya vidaka vyake. Kupiga dawa juu ya mti mrefu kwa ajili ya wadudu wachache namna hiyo ni gharama kubwa yenye faida ndogo, ilhali maji moto huzunguka makutini na kwenye mapanda mchana na usiku, wakimuua au kumfukuza kila mgeni.

Inafaa kuwatazama wanapojenga. Hujipanga kwenye ukingo wa jani, wakashikana viuno kwa viuno ikiwa jani la pili liko mbali, wakayavuta majani mpaka yakakutana. Kisha wengine huja na watoto wao wachanga midomoni, wakawapitisha huku na huku ili nyuzi za hariri wanazotoa zishone kiota. Viota vya kundi moja, lenye malkia mmoja, huweza kutapakaa katika miti kadhaa. Chakula chao kingine ni majimaji matamu yanayotolewa na vidugamba, wadudu wadogo wanaoganda kwenye mkarafuu na kufyonza utomvu wake, na ndiyo maana shamba lililochanganya minazi na mikarafuu, miembe au michungwa huwafaa kuliko shamba la minazi mitupu.

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza uzito wa suala hili. Joto la mwili wa mdudu hufuata joto la hewa, kwa hivyo joto likizidi bila ya kupita kiwango anachokistahimili, hukua na kuzaliana haraka zaidi. Walinzi wengine wa mimea, kama nyigu wadogo wanaotegemea mayai ya mdudu mharibifu mmoja maalumu, wanaweza kuachwa nyuma majira yanapohama, masika yakichelewa au vuli ikikatika mapema. Maji moto hawategemei windo moja, na kwa maoni yangu hiyo ni nguvu yao kubwa. Wao nao wana udhaifu: mvua kubwa huwazuia kutoka, upepo mkali huchana viota, na mkulima anayepambana na wadudu walioongezeka kwa kupiga dawa ovyo huwaua walinzi wake kabla ya adui.

Mpinzani wao mkubwa yuko ardhini. Ni chungu wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, anayetaga udongoni, akapanda shinani na kuwatimua maji moto bila ya kumzuia kunguni. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya michungwa Tanzania Bara ulionyesha kwamba palipofyekwa kabisa, chungu huyu aliwashinda maji moto, na palipoachwa majani chini ya miti, wote wawili waliweza kuishi pamoja. Shamba linalosifiwa kwa usafi, basi, huenda ndilo linalompa nafasi adui. Zanzibar ilijaribiwa pia njia ya chambo chenye sumu ambacho chungu huyo hukibeba mwenyewe hadi kiotani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba alipopungua, maji moto waliongezeka.

Nawapendelea maji moto kwa sababu nyengine pia: ni wenyeji wa Afrika. Visiwa hivi vimekwisha kuona hatari ya kuleta kiumbe kutoka mbali, kwani kunguru wa India, walioletwa katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, leo huvamia viota vya ndege wa asili na kuiba vifaranga vya kuku. Anayetaka maji moto shambani mwake anaweza kukata viota vya majani katika miti ya jirani na kuvihamishia kwake, mradi vyote viwe vya kundi moja, kwa kuwa makundi tofauti hupigana hadi kufa. Kamba zinazofungwa kutoka mti hadi mti huwapa njia ya kusambaa bila ya kushuka chini, ambako mpinzani wao anawangojea.