Je, wajua ni kwa nini ndege moja ya mafunzo ilitawala anga la Katanga mwaka 1961?

Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, mapigano ya mwaka huo wanayaita kwa kifupi vita ya ONU (kifupi cha Kifaransa cha Umoja wa Mataifa), na katika masimulizi yake jina la Fouga, ndiyo ndege yenyewe, halikosi. Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulikuwa na maelfu ya askari Katanga, magari ya deraya na msururu wa ndege za uchukuzi. Serikali ya Moïse Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilibakiwa na ndege ya kivita ya jeti moja tu inayoweza kuruka. Moja. Tena ilikuwa ndege ya kufundishia marubani. Ilikuwaje basi hiyo moja ikawafanya wenye jeshi zima wasafiri kwa kujificha?

Fouga CM.170 Magister ilitengenezwa Ufaransa na kuruka mara ya kwanza Julai 1952. Ina viti viwili, cha mwanafunzi mbele na cha mwalimu nyuma. Urefu wake ni mita 10 na kidogo. Mkia ndio unaoitambulisha: hauna bawa la kusimama na mawili ya kulala kama ndege nyingine, bali mabawa mawili yaliyoinuka mfano wa herufi V. Inasukumwa na injini mbili ndogo za Turbomeca Marboré, kila moja ikitoa msukumo wa kilo 400 hivi. Zana zake ni bunduki mbili za rashasha puani, kila moja na risasi 200, pamoja na nafasi ya mabomu madogo au roketi chini ya mabawa. Risasi 200 ukizifyatua mfululizo zinaisha kwa sekunde zisizofika 20. Kwa ndege ya kivita, hiyo ni silaha ya maskini.

Katanga ilipokea tatu Februari 1961. Zilifika ndani ya tumbo la ndege ya mizigo ya Boeing, aina iliyozaliwa kutokana na ndege za mabomu za Vita Kuu ya Pili. Moja ilianguka kabla mapigano hayajaanza. Nyingine ilikamatwa na ONU katika uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi (wakati huo Elisabethville), tarehe 28 Agosti. Ya tatu, yenye namba 93, ilikuwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, na Kolwezi haikuwa mikononi mwa ONU. Hapo ndipo mkasa wote ulipoanzia.

Wengi wakisikia neno jeti hudhani ni nguvu isiyo na mpaka. Tupige hesabu. Kolwezi iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Septemba ni mwisho wa kiangazi: nyasi zimeungua, moshi umetanda, na saa nane mchana joto linafika nyuzi 30. Hewa katika hali hiyo ina uzito wa takriban asilimia 79 tu ya hewa ya kawaida ya pwani. Injini inameza hewa nyepesi, inatoa msukumo mdogo. Kilo 800 za injini zote mbili zinabaki kama 630. Ndege iliyojazwa mafuta na silaha ina uzito wa kilo 3,200, maana yake kila kilo moja ya msukumo inabeba kilo tano hivi. Mabawa nayo yanapata hewa haba ya kushika, hivyo ndege inabidi ikimbie mbio zaidi na umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Rubani ana njia mbili: apunguze mafuta ili abebe mabomu, au apunguze mabomu ili afike mbali. Vyote viwili kwa ukamilifu hapati.

Kwa hiyo Fouga haikuwa na nguvu. Kilichoipa utawala ni kwamba huko juu hakukuwa na mwingine.

ONU ilikuwa na DC-3 na DC-4, ndege za uchukuzi za miaka ya 1930 na 1940, zenye injini za pistoni. DC-3 husafiri kwa mwendo usiofika kilometa 300 kwa saa. DC-4 huenda haraka kidogo. Hazina bunduki wala bamba la chuma la kumkinga rubani, na mafuta yamo ndani ya mabawa. Fouga hukimbia zaidi ya kilometa 600 kwa saa. Ikiiona DC-3 mchana kweupe, DC-3 haina mbio za kuponea. Inaweza kuingia mawinguni, lakini Septemba mawingu ya Katanga ni ya kutafuta kwa tochi. Inaweza kujibanza karibu na vichwa vya miti. Au inaweza kusubiri giza. Fouga haikuwa na rada, na rubani wake usiku hakuwa na zaidi ya macho yake.

Ndege iliyoegeshwa ina hali mbaya zaidi. Fouga ilishambulia ndege za uchukuzi zikiwa chini katika viwanja vya ONU, na hapo bunduki mbili hafifu zinatosha kabisa: tangi la mafuta halijali risasi ni ndogo au kubwa.

Na askari wa ardhini? Kwa nini wasiitungue? Chukua mfano wa mpiga rashasha na ndege inayopita ubavuni mwake umbali wa mita 500, kwa mwendo wa kilometa 540 kwa saa. Kila sekunde ndege inakwenda mita 150. Risasi inatumia kama robo tatu ya sekunde kufika. Akilenga ndege yenyewe, risasi itapita mahali ilipokuwa, nayo imeshaondoka zaidi ya mita 100. Anatakiwa alenge mbele yake kwa umbali wa Fouga kumi zilizopangwa pua kwa mkia, tena kwa kukisia, kwa sekunde chache, bila kifaa cha kupimia. Bila mizinga ya kutungulia ndege, hilo ni bahati nasibu. Faida yake iko kwingine: rubani akiona risasi zinapaa, hupanda juu zaidi kabla ya kudondosha bomu, na bomu la kutoka juu hukosa.

Askari wa Ayalandi waliozingirwa Likasi (wakati huo Jadotville) walilijua hilo. Walikuwa zaidi ya 150, wakiongozwa na Kamanda Pat Quinlan. Fouga iliwajia mara kadhaa kwa mabomu na risasi, ikaharibu magari yao. Hakuna aliyekufa, walijeruhiwa watano. Walikuwa wamechimba mahandaki mapema, na handaki ni dawa nzuri ya bomu dogo lisilo na shabaha. Kilichowashinda ni kuishiwa maji na risasi, na msaada wa nchi kavu uliokwama njiani. Walijisalimisha tarehe 17 Septemba.

Tazama ramani uone jinsi Kolwezi ilivyofaa. Kwa mstari ulionyooka, Likasi iko kilometa 140 hivi, Lubumbashi 240, kambi ya Kamina 230. Kwa jeti hizo ni safari za chini ya nusu saa, na reli ya migodi inayounganisha Kolwezi, Likasi na Lubumbashi ni ramani tosha kwa rubani asiye na vifaa.

Ndola, ng'ambo ya mpaka (leo ni Zambia), ni hesabu nyingine. Ni kama kilometa 430 kutoka Kolwezi, yaani 860 kwenda na kurudi. Masafa ya Fouga yanayoandikwa vitabuni ni kilometa 925, lakini hayo ni ya kuruka juu sana, ambako hewa ni nyepesi na mafuta yanatumika kidogo. Jeti ikishuka chini inapambana na hewa nzito na kunywa mafuta bila huruma. Masafa yanaweza kupungua karibu nusu. Hesabu hii ndiyo inayorudi kila mara watu wanapobishana juu ya kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka usiku karibu na Ndola. Anayedai kwamba Fouga ilifika Ndola usiku ule aseme kwanza iliruka kutoka uwanja gani.

Hammarskjöld aliondoka Léopoldville (leo Kinshasa) tarehe 17 Septemba kwa DC-6B iliyopewa jina Albertina, kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Kwa hofu ya Fouga, marubani waliandikisha safari ya Luluabourg (leo Kananga), wakanyamaza kwenye redio kwa saa nyingi, wakazunguka mashariki hadi Ziwa Tanganyika ili wasipite juu ya Katanga. Ndege ilianguka karibu na Ndola baada ya saa sita usiku. Chanzo bado kinabishaniwa, na ONU iliufufua uchunguzi miaka ya 2010. Lakini ile njia ndefu ya giza na ukimya ilichaguliwa kwa sababu ya ndege moja ya mafunzo.

Jibu la ONU lilichelewa. Jeti za Ethiopia zilihitaji kupitia Uganda, na Uingereza, iliyoitawala wakati huo, ilikawia kutoa ruhusa. Mwezi Oktoba ndipo zilipokusanyika Sabre za Ethiopia, Canberra za India na Saab J29 za Uswidi. J29 ni fupi na nene, ndiyo maana Waswidi wenyewe waliiita Tunnan, yaani pipa. Usicheke. Pipa hilo hukimbia zaidi ya kilometa 1,000 kwa saa na lina mizinga minne ya milimita 20, kila risasi ikiwa na baruti ndani yake.

Mapambano ya jeti kwa jeti angani hayakuwapo. Mapigano yalipoanza upya Desemba 1961, Canberra na Tunnan zilikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa Kolwezi na kushambulia ndege na mafuta yakiwa chini. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo: ndege moja angani ni vigumu kuisaka, lakini kila siku lazima irudi mahali palepale kunywa mafuta. Mwisho wa Desemba 1962 Tunnan zilirudia Kolwezi, zikateketeza ndege nyingine za Katanga zilizonunuliwa baadaye, zikiwemo Harvard za pistoni. Januari 1963 Tshombe alitangaza mwisho wa kujitenga.

Tunnan nyingi hazikurudi kwao. Uswidi ilikuwa tayari na jeti mpya zaidi, na kuzirusha za zamani hadi Ulaya kungegharimu kuliko thamani yake, kwa hiyo ziliharibiwa Kamina mwaka 1963. Magister iliendelea kufunza marubani katika nchi nyingi kwa miaka mingi. Mmoja wa wateja wake, katikati ya miaka ya 1970, alikuwa jeshi la anga la Ayalandi. Walizirusha hadi miaka ya 1990, aina ileile iliyowamiminia risasi askari wao pale Likasi.