Nusu mkate, mirengo na hesabu za Bunge la Kenya

Dhana: Serikali jumuishi, ile ya Rais William Ruto na chama cha Raila Odinga, ODM, ni nusu mkate iliyorudi, yaani serikali ya kugawana madaraka ya 2008.

Hapana. Mwaka 2008 mkate ulikatwa kisheria. Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia sahihi mkataba tarehe 28 Februari, Kofi Annan akiwa msuluhishi, kisha Bunge likarekebisha katiba na kuunda kiti cha Waziri Mkuu. Rais hakuweza kumfuta Raila kwa tangazo la redio la saa saba mchana. Mawaziri walifika 40, maana kila upande ulikuwa na watu wake wa kulisha.

Mwaka 2024 hakuna kiti kipya kilichoundwa. Rais William Ruto aliwateua wanasiasa wa ODM, akiwemo John Mbadi katika Wizara ya Fedha na Hassan Joho kwenye Madini, na anaweza kuwaondoa siku yoyote. Makubaliano ya UDA, chama cha Ruto, na ODM yalitiwa sahihi Machi 2025, mawaziri hao wakiwa tayari wamekaa ofisini kwa miezi saba!

Dhana: Wakishagawana serikali, bungeni huwa kitu kimoja.

Waulize waliokuwepo Aprili 2009. Spika Kenneth Marende alipokea majina mawili ya Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni: Kibaki alimtaka Makamu wake, Kalonzo Musyoka, Raila alipendekeza jina lake mwenyewe. Serikali moja, viongozi wawili. Marende hakumpa yeyote. Aliamua kuiongoza Kamati ya Shughuli za Bunge yeye mwenyewe hadi wakubwa wapatane.

Dhana: Aliyeshinda viti vingi kwenye uchaguzi ndiye mwenye Bunge.

Hapa ndipo penye utamu. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, mrengo wa Azimio wa Raila na ule wa Kenya Kwanza wa Ruto kila mmoja ulidai kuwa na wabunge wengi. Vyama vidogo vilivyoingia uchaguzini chini ya Azimio, kikiwemo UDM, vilikuwa vimeshavuka upande wa pili kabla wino haujakauka kwenye vidole vya wapiga kura. Oktoba mwaka huo Spika Moses Wetang'ula, aliyekuwa mmoja wa vinara wa Kenya Kwanza, aliamua kwamba Kenya Kwanza ina 179 na Azimio 157, na wabunge 14 wa vyama hivyo akawahesabu upande wa Kenya Kwanza. Februari 2025 Mahakama Kuu ilisema alikiuka katiba. Siku chache baadaye akatoa uamuzi mwingine, na Kenya Kwanza ikabaki pale pale. Kwa maoni yangu, refa aliyekuwa nahodha wa timu moja hawezi kushangaa akizomewa.

Dhana: Rais akikosa wingi bungeni, serikali inaanguka.

Hayo ni ya Uingereza. Katiba ya 2010 inampa Rais muhula wake kutoka kwa wapiga kura. Wingi humsaidia kupitisha bajeti na miswada, na kuwaondoa watu: Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumtimua Naibu Rais Rigathi Gachagua, ilhali zilihitajika 233. Bila kura za upinzani, idadi hiyo isingefikika.

Dhana: Mbunge anayeunga mkono serikali ya wapinzani wake hupoteza kiti.

Ibara ya 103 inamnyang'anya kiti anayejiuzulu kutoka chama chake, au anayehesabiwa kisheria kuwa amejiuzulu. Kula chakula Ikulu na kupiga kura na upande ule si kujiuzulu. Na chama chenyewe kikiwa kimeshaingia serikalini, nani atamshtaki?